Tulivyobishana Zamu ya Usiku

Wiki hii mmeuliza: uhai wa binadamu huanza lini, na je, sheria itulazimishe maadili? Najibu kama muuguzi mstaafu wa wodi ya akina mama, hapa Pwani ya Kenya.

Mimi ni Mwislamu. Nimelelewa na hadithi ya Mtume kwamba kiumbe hupitia tone, pande la damu na pande la nyama, kisha hupuliziwa roho, na wengi wa masheikh huhesabu siku 120. Hata hivyo wako wanaoharamisha kutoa mimba tangu siku ya kwanza, na wako wanaoruhusu mapema kwa udhuru. Mwenzangu wa zamu ya usiku alikuwa Mkatoliki, na kwake mimba ikishatunga ni mtu, basi. Tulibishana miaka, chai ikitupoea mezani, na hakuna aliyemvuta mwenziwe.

Katiba tuliyoipigia kura Agosti 2010 imesema kama yeye: kifungu cha 26(2), uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 214, inasema mtoto huwa mtu wa kuweza kuuawa akishatoka kamili tumboni mwa mamake akiwa hai. Sheria ya urithi nayo humhesabu aliye tumboni kuwa mtoto, mradi azaliwe hai, na mirathi yetu ya Kiislamu humwekea fungu lake likamngoja. Sioni uzembe hapo. Anayegawa shamba na anayehukumu mauaji hawaulizi jambo moja.

Sasa niwaambie kilichonikaa moyoni. Usiku mmoja aliletwa msichana wa kidato cha pili, leso mbili zimelowa damu, midomo imekuwa kama majivu. Alisema ameteleza kisimani. Nilipomshika mkono kutafuta mshipa niliona amekunja ngumi, hataki kuniachia. Alidhani namshika asikimbie. Tulimwekea maji, daktari akamsafisha kizazi. Yule mwenzangu Mkatoliki ndiye aliyemshikilia kichwa muda wote, akimwita "mwanangu".

Asubuhi polisi wawili walikuwa mlangoni. Jirani alikuwa amepiga simu. Hawakuuliza damu imekatika au la. Waliuliza ameweka nini, amekinunua wapi. Mimba ile ilitoka yenyewe au ilitolewa? Sijui hadi leo, na damu inapomwagika vile muuguzi hana nafasi ya kuuliza. Anayepatikana na hatia ya kujitoa mimba anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 7. Aliyempa mtoto yule mimba hakuna aliyemtafuta, ingawa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 inamtaja wazi mtu kama yeye.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema sheria isiguse maadili. Kumkataza mtu mzima asilale na mtoto ni maadili, na nataka sheria hiyo iume. Ninachokataa ni sheria inayomfuata mgonjwa kitandani. Wodini nimeona inachofanya: haizuii mimba kutolewa, inachelewesha mtu kuja hospitali. Wanakuja siku ya tatu, ya nne, homa imepanda, harufu imebadilika. Na hata ambaye mimba yake imeharibika bila yeye kuigusa, aliyekuwa akimtamani mtoto yule, naye anaogopa kuja asije akashukiwa. Huyo hatajwi kabisa katika mijadala, nami nimewafuta machozi wengi wa namna yake.

Isitoshe, kifungu kile kile cha 26 hakiishii kwenye 26(2). Mstari wa nne unakataza kutoa mimba, ila pale ambapo mhudumu wa afya aliyehitimu anaona pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine inaruhusu. Na kifungu cha 43 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Wale polisi wawili niliwasomea vyote viwili kutoka nakala iliyokuwa kwenye droo yangu. Mmoja aliniuliza nimeitoa wapi.

Kwenye kuta za wodi yetu palikuwa na bango la kunyonyesha, la chanjo, na la kunawa mikono. Vifungu vile sikuviona vimebandikwa popote, mpaka nastaafu.