Kamera haimjui unayemtaka

Maswali yenu ya kamera safari hii karibu yote yana lalamiko moja, kwamba picha zina ukungu. Nimechagua machache, mengine ni yale yale.

Kila jioni nawapiga picha watoto wanaojitosa baharini pale Forodhani, Unguja, na hawatoki vizuri. Canon yangu ni ya mtumba. Lenzi mbovu? (Msomaji, Malindi)

Kila mtu huanza kwa kuilaumu lenzi. Iweke kamera juu ya meza, upige boksi la majani ya chai. Maandishi yakisomeka, lenzi nzima. Sasa tazama modi ya kulenga, yaani ya fokasi. Bila shaka umeweka One Shot. Hiyo hulenga mara moja, hulia pii, ikaufunga umbali hapo hapo. Mtoto anayekuja mbio juu ya ukuta ameshasogea hatua mbili kabla kidole chako hakijamaliza kubonyeza. Weka AI Servo. Kwenye Nikon na Sony ni AF-C. Maadamu umekibonyeza kitufe nusu, kamera inaendelea kumfuata. Usingoje pii, kwa kawaida hailii.

Mimi pale hufanya jambo jengine. Nalenga ukingo wa ukuta, penye nyayo za maji, pale wanaporukia wote. Kisha naisukuma swichi ya lenzi kwenye MF, yaani kulenga kwa mkono, nasubiri. Umbali haubadiliki tena, kazi iliyobaki ni kumwahi anapouacha ukuta. Shata, lile pazia linaloingiza mwanga, isiwe ya taratibu kuliko 1/1000 ya sekunde. Ukiona kiwiliwili kiko wazi lakini mikono imeburuzika, fokasi haina kosa, ongeza kasi ya shata.

AI Focus inachagua yenyewe baina ya One Shot na AI Servo. Si ndiyo rahisi? (Msomaji, Mkoani)

Siyo. Hubadilika baada ya kuona mwendo, na wewe umeshapitwa. Hili nimelijibu mara nyingi, someni majibu ya nyuma kabla ya kuandika.

Napiga picha za harusi. Bibi harusi akishika shada, maua yanatoka makali na uso unafifia. (Dada, Mwanakwerekwe)

Kwa sababu umeiachia kamera pointi zote za kulenga, vile vidoti vya kwenye kioo cha kutazamia, ichague. Aghlabu itachukua kilicho karibu nayo, na shada liko mbele ya uso. Kamera haimjui bibi harusi. Chagua pointi moja, iweke juu ya jicho lililo karibu nawe, na kwa mtu aliyekaa One Shot inatosha. Ukifungua tundu la lenzi ya 50mm mpaka f/1.8 (namba ndogo, tundu kubwa) kwa karibu hivyo, sehemu iliyo wazi ni sentimita chache tu. Ukiyumba baada ya kulenga, jicho limekwenda. Funga mpaka f/2.8 au f/4. Taa za ukumbi zikiwa hafifu na lenzi ikawa inakwenda na kurudi, usiilenge kwenye shavu tupu. Tafuta mpaka wa rangi, wanja kwenye jicho au ukingo wa shela usoni.

Na hili hukuniuliza. Picha za ukumbi wa wanawake ni amana. Bibi harusi aliyevua buibui kati ya wenzake hakukupa ruhusa ya kumweka kwenye ukurasa wako wa biashara. Muulize yeye mwenyewe, usimuulize aliyekulipa.

Kima punju wa Jozani wananitoka majani matupu. (Mtembeza wageni, Kitogani)

Pointi moja, ile ndogo kabisa, uipenyeze baina ya majani. Yakizidi, MF na mkono wako. Na usimsogelee mnyama kwa ajili ya picha.

Asubuhi nikitoka chumbani picha zote zina ukungu. Nimejaribu modi zote. (Msomaji, Nungwi)

Umelala na eyasii, siyo? Hapo modi hazihusiki. Kioo baridi kikikutana na hewa ya pwani hutoka jasho. Iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa, nje ya chumba, kama nusu saa, ipate joto polepole. Na tafadhali, usiifute kwa kanga wala shati ulilovaa ufukweni. Nguo ile ina chumvi na mchanga, na mkwaruzo kwenye kioo haufutiki.