Swali la Lugha: Ile "kai" ya Kigiriki imekwenda wapi?

Msomaji anayejifunza Kigiriki cha Agano Jipya anauliza: "Tumefundishwa kwamba kai maana yake ni 'na'. Injili ya Marko kwa Kigiriki imejaa kai, lakini katika Biblia ya Kiswahili hizo 'na' sizioni. Je, watafsiri walizifuta?"

Hawakuzifuta. Nyingi zimo ndani ya vitenzi.

Fungua Marko 1:31, pale mkwewe Simoni amelala hawezi homa. Kigiriki kina kai tatu katika mstari huo. Union Version ya mwaka 1952 inasema: "Akamwendea, akamwinua kwa kumshika mkono, homa ikamwacha, akawatumikia." Hakuna "na" hata moja, wala hakuna kilichopotea. Kiambishi -ka- ndicho kinachosukuma kisa mbele, kama kilivyo katika kila hadithi tuliyosimuliwa utotoni: akaenda, akaona, akarudi. Jaribu kusoma kwa sauti "na alimwendea na alimwinua na homa ilimwacha" usikie jinsi masimulizi yanavyokufa. Katika sura hiyo ya mistari 45, zaidi ya 30 huanza na kai. Mfululizo huo unafanana sana na masimulizi ya Kiebrania ya Agano la Kale, na kwangu ni furaha kwamba Kiswahili kinaubeba kwa silabi moja tu.

Hata hivyo, -ka- haifai kila mahali. Inadai kwamba tendo la pili limefuata la kwanza, lakini kai yenyewe haidai hivyo; inaunganisha tu, na uhusiano wenyewe unaupata katika muktadha. Rudi mistari minne nyuma, 1:27. Watu wanashangaa kwamba Yesu "awaamuru hata pepo wachafu, nao wamtii". Hapo pana kai mbili: moja imekuwa "hata", nyingine imeshikana na pepo wale wale ikawa "nao". Yohana 1:5 ni vivyo hivyo: "Nayo nuru yang'aa gizani, wala giza halikuiweza." Kai ya kwanza imo katika "nayo", ya pili, ikiungana na kikanushi ou, imezaa "wala". Ni tafsiri safi sana.

Penye mzigo ni Wagalatia 6:16. Paulo anawaombea amani na rehema wote wanaoenenda kwa kanuni aliyoitaja, kisha anaandika kai kabla ya kumtaja "Israeli wa Mungu". Ukiweka "na", msomaji ataona makundi mawili. Ukiweka "yaani", kundi ni moja, na Israeli wa Mungu ni hao hao wanaoishika kanuni. Sarufi ya Kigiriki inaruhusu yote mawili, na wafafanuzi wamegawanyika. Maana ya "na" ndiyo ya kawaida zaidi, hivyo anayechagua "yaani" ndiye anayepaswa kutoa sababu. Mimi naona sababu ipo ndani ya barua yenyewe: katika 3:28–29 Paulo amekwisha kusema kwamba hakuna Myahudi wala Myunani, na kwamba walio wa Kristo ndio uzao wa Ibrahimu. Lakini uamuzi huo umetokana na hoja ya Paulo. Kamusi pekee isingeutoa.