Jeni ya SYT1: Je, vidonge vya kalsiamu vitamsaidia mtoto wetu?

SWALI: Ndugu Mhariri, kaka yangu ana binti wa miaka mitatu ambaye anaishi na wazazi wake Uingereza. Tangu akiwa mchanga mwili wake umekuwa tepetepe, shingo ilichelewa kukaza, macho yana makengeza, na siku hizi mikono yake hurukaruka bila yeye kutaka. Baada ya kupimwa vinasaba, wazazi walipewa karatasi iliyoandikwa “SYT1 p.Ile368Thr”, wakaambiwa kwamba jeni hiyo inahusika na kalsiamu katika ubongo. Huku nyumbani bibi yake amekwisha kununua vidonge vya kalsiamu ili avipeleke, na wapo wanaosema kwamba maradhi haya yametoka ukoo wa mama yake. Je, vidonge vitasaidia? Na ni kweli ugonjwa umetoka kwa mama?
Shangazi, Tanga

JIBU: Shangazi, pole kwa mtihani huu, na utufikishie pole kwa wazazi wa mtoto. Naanza na vidonge kwa sababu vimekwisha kununuliwa: tafadhali visitumwe. Karatasi hiyo haisemi kwamba mtoto amepungukiwa na kalsiamu. Inasema kwamba protini inayoihisi kalsiamu ndiyo iliyoundwa na kasoro.

Seli za neva hazikugusana moja kwa moja. Baina yao kuna ufa mwembamba, na ujumbe huuvuka kwa njia ya kemikali zilizowekwa akiba ndani ya vifuko vidogo mno, vyenye upana wa nanomita 40 hivi, kiasi kwamba ingehitajika kupanga 25,000 ili kutimiza milimita moja. Seli ikiwa imetulia, kalsiamu iliyo nje yake huizidi ile ya ndani takriban mara 10,000. Umeme wa neva ukifika kwenye ncha, milango ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu humiminika ndani, na kabla milisekunde moja haijatimia, vifuko vilivyokuwa vikisubiri ukingoni huungana na utando wa seli na kumwaga kemikali zake. Bernard Katz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1970, ni miongoni mwa walioonyesha umuhimu wa kalsiamu katika tendo hilo, lakini kinachoihisi kilikuwa bado hakijajulikana. Mwaka 1990 Thomas Südhof na wenzake huko Dallas, Marekani, walieleza muundo wa protini ya kwenye vifuko ambayo sasa inaitwa sinaptotagmini-1, na kazi yake ya miaka mingi juu ya jambo hili ikampatia naye Nobel mwaka 2013.

Kwa binadamu, maelekezo ya kuiunda protini hiyo yamo katika jeni ya SYT1, kwenye kromosomu ya 12. Protini hiyo ina asidi amino 422, yaani vijenzi vidogo vilivyofuatana kama shanga katika uzi. Upande mmoja umejikita kwenye kifuko, na upande wa pili una vipande viwili vilivyojikunja, C2A na C2B, ambavyo hushika kalsiamu na papo hapo kujichomeka kwenye utando wa seli. Sasa tuisome karatasi yenu: “Ile368Thr” maana yake ni kwamba katika nafasi ya 368, palipostahili kuwa na asidi amino iitwayo isoleusini, pamekaa nyingine iitwayo threonini. Nafasi hiyo iko ndani ya C2B, karibu kabisa na pale kalsiamu inaposhikwa. Watafiti walipozalisha panya wasio na protini hii kabisa, mwaka 1994, wale panya walikufa muda mfupi baada ya kuzaliwa, na neva zao, ingawa hazikunyimwa kalsiamu, zilipoteza ule umwagaji wa haraka. Ndiyo maana kuongeza kalsiamu tumboni hakurekebishi kitu. Isitoshe, ikizidi huleta kufunga choo na huweza kuziumiza figo.

Huenda ukauliza: mtoto ana nakala mbili za jeni, na moja ni nzima, mbona hiyo haitoshi? Kila kifuko hubeba takriban protini 15 za aina hii, na zilizo mbovu huchanganyika na nzima kisha huzivuruga. Ni kama mashua ya makasia: akiwapo anayepiga kasia kinyume cha wenzake, chombo huyumba hata kama wengine ni hodari.

Kuhusu mama, naomba maneno hayo yakomeshwe, kwa sababu yanamwonea mtu anayelea mtoto mgonjwa ugenini. Katika wagonjwa 11 wenye kasoro ya SYT1 walioelezwa kitabibu mwaka 2018, badiliko la jeni lilikuwa jipya, yaani lilizuka kwa mtoto bila kurithiwa. Kila mmoja wetu huzaliwa na makumi ya mabadiliko mapya, na mengi ya yale yanayogusa herufi moja tu ya maelekezo ya jeni huanzia katika mbegu za baba, kwa bahati tu na bila kosa la yeyote. Kwa mtoto wenu, wazazi wote wawili wakipimwa ndipo itathibitika. Likiwa jipya, uwezekano wa kumpata mwingine mwenye hali hii ni mdogo sana, ingawa si sufuri, kwani mara chache mzazi hubeba badiliko katika baadhi tu ya mbegu au mayai.

Hali hii inaitwa ugonjwa wa Baker-Gordon. Wale wagonjwa 11 hawakuwa na kifafa, jambo lisilotarajiwa kwa ubongo ulioathirika hivyo, lakini usingizi mbovu na kujiumiza kwa kujing’ata au kujipiga vilionekana. Tiba ya kuirekebisha jeni haipo bado. Wazazi wasisitize mazoezi ya viungo, msaada wa mawasiliano, na uchunguzi wa macho na wa usingizi. Ile karatasi na itunzwe pamoja na kadi ya kliniki, ili kila daktari atakayempokea aione kabla ya kumwandikia dawa.