AC ikinuka, anza na maji

SWALI: Gari langu ni Toyota IST. Kila asubuhi nikiwasha AC, dakika mbili tatu za mwanzo inatoa harufu ya nguo zilizovunda kwenye beseni, kisha inapungua. Nimeshaning'iniza manukato ya kila aina. Fundi mmoja kaniambia niongeze gesi. Nianzie wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Gesi iache. AC yako kama bado inapoza vizuri, gesi haina kosa, na wala gesi hainuki uvundo. Kinachonuka ni evaporeta, ile rejeta ndogo ya alumini iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Ikipoa, inatoka jasho kama gilasi ya maji ya barafu, na kwa hewa ya pwani jasho hilo ni jingi. Ukizima gari inabaki imeloa gizani, vumbi limenasa kwenye mapezi yake, ukungu unaota. Asubuhi feni inakupulizia yote yaliyolala humo. Manukato yanakuongezea harufu ya pili tu.

Kwanza hakikisha maji yanatoka. Washa AC dakika 10 gari likiwa limesimama, halafu chungulia chini, usawa wa miguu ya abiria wa mbele. Panatakiwa pawe panadondoka. Kama ni pakavu, na kapeti ya abiria mbichi au unasikia maji yanacheza ukikata kona, mpira wa kutolea maji umeziba. Uzibue kwa uzi wa plastiki wa mashine ya kufyekea majani, taratibu. Usikubali gereji wauchapie upepo wa kompresa kwa nguvu zote: mpira ukichomoka kwa ndani, maji yote ya AC yatamwagikia kapeti.

Kisha filta ya kabini, ile inayochuja hewa inayoingia ndani ya gari. Fungua droo ya mbele ya abiria, chomoa kile kimkono kidogo cha pembeni, bana kuta zake mbili kwa ndani, itashuka. Nyuma yake kuna mfuniko wa plastiki. Ufungue, filta imo humo. Usishangae ukikuta nafasi tupu, au filta nyeusi yenye majani na mabawa ya wadudu. Ya karatasi haifuliwi, inabadilishwa, na kwenye barabara za vumbi usingoje ifike kilomita 15,000. Ikiandikwa UP, mshale uelekee juu.

Ila filta mpya usiiweke bado. Nunua kopo la povu la kusafishia evaporeta, lenye mrija mrefu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanapuliza kupitia tundu la filta, na kwenye Toyota nyingi ndogo feni iko chini yake papo hapo, hivyo dawa inaishia kwenye mota. Pitisha mrija kwenye ule mpira wa maji, kutokea chini, injini ikiwa imezimwa. Povu litapanda lenyewe na kujaza boksi la evaporeta. Puliza kidogo kidogo, ukisimama kila baada ya sekunde chache, maana likizidi litakutokea kwenye matundu ya dashibodi. Acha dakika 20, au kama kopo linavyosema. Maji yatakayochuruzika yatakuwa na rangi ya chai ya rangi, wakati mwingine nyeusi kabisa. Baada ya hapo washa injini, fungua madirisha, AC ikiwa imezimwa, weka feni mwisho na joto mwisho kwa dakika 10. Sasa weka filta.

Jik usitumie. Klorini inakula alumini, na evaporeta ikitoboka ndipo kweli utahitaji gesi, baada ya kung'oa dashibodi nzima.

Harufu isirudi: ukibakiza dakika 5 kufika, zima AC, acha feni ivute hewa ya nje. Evaporeta inakauka ukiwa bado barabarani.

SWALI: Yangu hainuki uvundo, inanuka utamu utamu, na kioo cha mbele kinafanya ukungu wenye mafuta. Nimesafisha AC mara mbili bure. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hiyo ni kulanti, maji ya kupozea injini. Rejeta ya hita, jirani yake evaporeta, inavuja. Injini ikiwa baridi, weka alama ya kiwango cha kulanti kwenye tangi la akiba na uangalie tena baada ya siku 3. Kama kimeshuka na kapeti inanata, jibu umepata. Joto hulihitaji Mombasa, kwa hiyo fundi anaweza kuziunganisha paipu mbili za hita zenyewe kwa zenyewe kwa muda, kulanti isipite kwenye rejeta hiyo, wakati unatafuta spea. Usiendelee kuongeza maji tu, injini itachemka siku ya foleni.

SWALI: Gari lilikaa wiki 3 bila kutembea. Sasa linanuka mzoga, hasa feni ikiwa mwisho. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Panya. Chomoa filta umulike kwenye feni, kisha inua plastiki iliyo chini ya wipa, ndiko hewa ya nje inakoingilia. Vaa glavu na barakoa, nyunyizia dawa ya kuua vijidudu kabla ya kugusa kiota, usifagie kikavu. Ukimaliza, ziba tundu la hewa kwa wavu wa chuma wa matundu madogo. Ule wa plastiki atautafuna.