Kabla hujaongeza gesi, shika mirija

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya friji hapa Mtwara, wiki hii nimemwona tena fundi kijana akifunga geji, akisoma presha ya chini, kisha akafungua mtungi wa R134a, gesi ya kupozea, kabla hajagusa hata mrija mmoja wa evapereta, yaani koili ya kupozea iliyo ndani ya friji. Nawapenda, na ndiyo maana jambo hili linaniudhi. Evapereta yenye mirija bapa ya alumini, ambayo ndani yake kuna matundu ya milimita moja hivi, haisomwi kwa geji peke yake.

Kwanza, jueni kinachoingia humo. Kondensa, ile koili ya kutolea joto nje, ikifanya kazi kwenye nyuzi 40 na gesi ikachemka kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, basi R134a inapovuka kapilari, yaani mrija mwembamba unaoiingiza kwenye evapereta, ikiwa haikupozwa zaidi njiani, theluthi moja ya uzito wake tayari ni mvuke, na kwa ujazo mvuke huo umeshachukua karibu nafasi yote. Kimiminika kilichobaki ndicho kinachopoza. Katika bomba pana povu huzaliwa, hukua na kubanduka, lakini katika tundu jembamba hugusa kuta zote na kurefuka kufuata njia, huku kimiminika kikibaki kama utando ukutani. Watafiti Kew na Cornwell waliuweka mpaka wa hali hiyo mwaka 1997, na kwa R134a unaangukia karibu na tundu la upana wa milimita 2. Utando ukiwa mzima, joto hupita kwa wepesi wa ajabu. Ukikatika, ukuta hubaki na mvuke mtupu, na upozaji wa sehemu hiyo huporomoka ingawa geji haioneshi kitu.

Pili, heda, yaani bomba linaloigawa gesi kwenye mirija yote, na hapa nitakaa kidogo. Mama mmoja muuza pweza wa Shangani alilalamika kwamba friza yake inagandisha chini tu, na pweza wa juu wanalainika. Kijana aliyeitwa alisoma presha ya psi 14 na kuamua kwamba gesi imepungua. Akaongeza, presha ikapanda, juu pakabaki vilevile. Akaongeza tena, mpaka barafu ikatambaa kwenye bomba la kurudi na kufika shingoni mwa kompresa, naye akafurahi akisema, “Fundi, sasa inapoza!” Kilichofika pale kilikuwa kimiminika kisichochemka, kilichopenya mirija ya chini kikaingia kwenye kompresa, na vali zake zikavunjika. Friza haikuwa na upungufu wa gesi. Koili ilikuwa imefunguliwa ili ioshwe, ikarudishwa heda ikiwa imesimama badala ya kulala, kwa hiyo kimiminika kilizama chini na mirija ya juu ikapata mvuke tu. Kiganja kingemwambia: mirija mitatu ya chini ilikuwa na theluji nyeupe, na wa nne ulikuwa na uvuguvugu kuanzia mlangoni mwake. Mama yule alinunua kompresa kwa kosa ambalo dakika mbili za kushika mirija zingelizuia, na hilo linaniuma hadi leo.

Tatu, msilinganishe joto la mlango wa kuingilia na presha mliyosoma kwenye bomba la kurudi, kwa sababu njia nyembamba hula presha. Ikipotea psi 3 kwenye presha hizi za friza, joto la kuchemkia la R134a hushuka nyuzi mbili na nusu hivi kabla gesi haijafika mwisho.

Nne, oili ya kompresa ikizidi kwenye koili, huathiri zaidi sehemu ya mwisho, ambako kimiminika kimebaki kidogo.

Tano, pimeni gesi kwa mizani kufuata kibandiko cha mashine. Matundu haya hubeba gesi kidogo sana, kwa hiyo ziada ambayo koili ya zamani ya shaba ingeivumilia, hii itaipeleka moja kwa moja kwenye kompresa.