Maswali yenu kuhusu Offenbach

Wiki iliyopita nilimtaja Jacques Offenbach, mtunzi wa opereta wa Paris, kwa mistari mitatu tu. Opereta, kwa aliyeikosa, ni mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, mazungumzo na vichekesho, mdogo wake opera. Mkaniandikia kwa wingi, basi leo nayajibu machache.

Alikuwa Mfaransa au Mjerumani? Kila ninaposoma naona tofauti.

Alizaliwa Köln, Ujerumani, tarehe 20 Juni 1819, akaitwa Jacob. Baba yake alikuwa mwimbishaji wa sinagogi aliyetokea mji wa Offenbach. Watu wakamwita kwa jina la mji wake, likaganda hadi kwa watoto. Mwaka 1833 mzee akampeleka kijana Paris, ana miaka 14 na selo lake, ala kubwa ya nyuzi ipigwayo kwa upinde. Chuo cha muziki cha Paris hakikupokea wageni, lakini mkuu wake, Cherubini, alipomsikia akipiga alimfungulia mlango. Na mwenyewe? Akakaa kama mwaka hivi, akaondoka.

Akapata kazi katika okestra ya Opéra-Comique, ukumbi wa opera wa Paris, na huko alikuwa mtundu kweli. Yeye na mpiga selo mwenzake waligawana wimbo noti kwa noti: huyu anapiga moja, yule inayofuata. Mshahara ukakatwa.

Uraia wa Ufaransa alipewa 1860. Haukumsaidia sana vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Wajerumani vilipozuka: Ufaransa walimshuku kuwa mtu wa Bismarck, kiongozi wa Wajerumani, Ujerumani wakamwita msaliti.

Kwa nini michezo yake ya mwanzo ina waigizaji wawili watatu tu? Hakuwa na pesa?

Pesa zilikuwa chache, lakini sababu ni kibali. Enzi za Napoléon III, mfalme mkuu wa Ufaransa, kila ukumbi uliambiwa na serikali uonyeshe nini na kwa watu wangapi. Offenbach alipofungua Bouffes-Parisiens tarehe 5 Julai 1855, kiukumbi kidogo cha barabara ya Champs-Élysées, Paris, karibu na Maonyesho ya Kimataifa ya mwaka ule, aliruhusiwa wahusika watatu tu wa kusema. Baadaye akaongezewa wa nne.

Basi mwaka 1857 akatoa *Croquefer*, na humo kuna mhusika wa tano. Ni shujaa wa vita aliyekatwa ulimi! Hasemi neno, anabweka, na akiwa na la kusema anainua kibao chenye maandishi, watazamaji wasome. Sheria inakataza kusema, haijakataza kuandika. Mimi namkubali Offenbach kwa kisa hiki kuliko kwa wimbo wake wowote.

Mwaka uliofuata masharti yakalegezwa, naye akajaza jukwaa miungu wa Kigiriki na kwaya nzima.

Je, kankani, ile ngoma ya kurusha miguu juu, ni yake?

Uchezaji si wake. Paris ilikuwa ikirusha miguu tangu yeye yungali kijana. Muziki unaoujua ndio wake, kutoka opereta yake *Orphée aux Enfers* (Orpheus Kuzimuni), iliyoonyeshwa kwanza tarehe 21 Oktoba 1858. Katika hadithi ya Kigiriki, mwanamuziki Orpheus anamfuata mkewe aliyekufa hadi kuzimu kwa mapenzi. Humu Orpheus hamtaki mkewe kabisa. Anakwenda kumdai kuzimu kwa sababu Maoni ya Umma, ambayo ni mhusika mzima na mdomo wake, inamsukuma. Mwishoni miungu wanacheza huko huko kuzimu. Mhakiki mashuhuri Jules Janin aliushambulia mchezo gazetini kuwa unadhalilisha mambo matakatifu ya kale, na tiketi zikauzwa kuliko mwanzo.

Ukitaka kucheka, tafuta muziki wa kobe wa Saint-Saëns, mtunzi Mfaransa, wa 1886. Ni wimbo ule ule, ila unakwenda mwendo wa kobe.

Alikufa tajiri?

Aliingiza nyingi, akatumia zaidi. Ukumbi wa Gaîté, aliouchukua 1873, ulimfilisi kwa maonyesho ya gharama kubwa. Mwaka 1876 akavuka bahari kuongoza okestra New York na Philadelphia, kwa dola 1,000 kila onyesho, na madeni yakapungua.

Aliwahi kuiona *Les Contes d'Hoffmann*, opera yake ya mwisho, jukwaani?

Hapana. Jongo lilikuwa limemmaliza. Alifariki tarehe 5 Oktoba 1880, na opera hiyo ikaonyeshwa tarehe 10 Februari 1881 baada ya mtunzi Ernest Guiraud kuikamilisha. Usiku huo wa kwanza sehemu nzima inayotokea Venice, mji wa Italia wenye mifereji badala ya barabara, ilikatwa. Lakini ndiyo yenye barkarole, wimbo wa mashua ambao Offenbach mwenyewe aliutoa katika opera yake ya 1864 iliyoanguka huko Vienna. Hakuna aliyekubali uachwe. Wakauingiza katika sehemu nyingine ya opera, na kwa kuwa wimbo wa mashua unataka maji, sehemu hiyo ikahamishwa kutoka Munich kwenda Venice.