Ukipewa kuratibu maji na vyoo kambini, anzia kazi zinapopakana

Vijana wanaoanza kazi kwenye mashirika ya misaada hapa Kigoma huwa wananijia na swali moja: nimepewa kuratibu maji na usafi kambini, nianzie wapi? Nimefanya kazi hii kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, kwenye miradi tofauti na chini ya mabosi tofauti, na jibu langu halijabadilika. Anzia pale kazi ya shirika moja inapoishia na ya jingine inapoanza. Ndani ya eneo lake kila shirika linajua linachofanya. Wa kisima anakijua kisima chake, wa vyoo anavijua vyoo vyake. Ugonjwa hupenya hapo katikati, mahali ambapo kila mtu anadhani ni pa mwenzake.

Waliokuwepo Kigoma mwezi wa tano mwaka 2015 hawajasahau Kagunga. Ni kijiji kidogo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mlima nyuma, maji mbele, mpaka wa Burundi hapo hapo, na wakati ule gari lilikuwa halifiki. Makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walijikuta wamebanana pale wakisubiri meli. Maji ya kunywa yalikuwa ya ziwa, na choo cha wengi kilikuwa ufukwe huo huo. Kipindupindu kilipoingia, wagonjwa walipita 3,000 na watu wapatao 30 walifariki. MV Liemba ikawa inaleta watu mjini, wanashushwa, wanapokelewa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha wanapandishwa mabasi hadi Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyokuwepo tangu 1996 kwa ajili ya Wakongo na ambayo mwaka ule ilifurika hadi kupita watu 150,000.

Utazame mlolongo huo kwa jicho la mratibu. Ufukweni kulikuwa na watu wake, melini watu wake, uwanjani watu wake, kambini watu wake. Mgonjwa ni yule yule, anapita kwa wote. Mtoto aliyeanza kuharisha ndani ya basi hayumo kwenye ripoti ya uwanja wala ya kambi. Tangu wakati ule, kila nikipewa mchoro wa nani anafanya nini, naangalia kwanza mistari inayotenganisha visanduku, na kuuliza nani amesimama juu ya mstari.

Kabla hujafika huko, ujue uko kwa nani. Kambi za wakimbizi nchini ziko chini ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na Mkuu wa Kambi ndiye mwenyeji wako. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ndiyo inayoratibu mashirika. Ukihamishiwa siku moja kwenye maafa ya watu waliohama ndani ya nchi yao wenyewe, utakuta mpangilio mwingine, ule wa makundi ya kisekta ulioanza mwaka 2005, ambamo kundi la maji na usafi huongozwa na UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto. Watu wengi huchanganya mipangilio hii miwili na kupoteza wiki nzima wakimwandikia barua asiyehusika. Nenda kwa Mkuu wa Kambi kwanza, msalimie, mweleze, msikilize.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo nimeona watu wema wakidanganyana bila kukusudia. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani, vinasema bomba moja lihudumie watu wasiozidi 250, litoe lita 7.5 kwa dakika, na kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Kwa wakimbizi UNHCR hulenga lita 20. Kwenye kikao, shirika la vichoteo, yaani vituo vya mabomba ya kuchotea maji, linaripoti kwamba lina bomba moja kwa kila watu 250, na ni kweli. Shirika la kisima linaripoti kwamba pampu ni nzima, na ni kweli. Lakini dizeli ya mwezi imepunguzwa, kwa hiyo maji yanatoka kwa saa nne tu. Piga hesabu: lita 7.5 mara dakika 240 ni lita 1,800. Gawa kwa watu 250, kila mmoja anaondoka na lita saba na kidogo. Ili bomba hilo limpe kila mtu lita 15 linahitaji kutoa maji kwa saa nane na zaidi. Ripoti zote mbili ni za kweli, na mama mwenye watoto watano amepata nusu ya maji aliyostahili.

Kwa sababu hiyo siku hizi sikubali kuanza kikao kwa kusomewa idadi ya mabomba. Naomba mambo matatu kwa kila zoni: saa ambazo maji yalitoka bombani (siyo saa ambazo pampu iliwashwa), lita zilizopita kwenye mita, na muda ambao mtu alikaa kwenye foleni. Foleni ikizidi nusu saa, wapo watakaobeba ndoo na kushuka bondeni kwenye kijito, na hapo kazi yote ya klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji, imekwisha thamani.

Klorini yenyewe inataka kufuatwa hadi kikombeni. Nakushauri ufanye zoezi hili mwenyewe, usimtume mtu. Beba kile kipimo kidogo cha vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya waridi. Pima kwenye tanki, rangi imekolea. Pima bombani, inasoma miligramu 0.3 kwa lita, ndani ya kiwango cha 0.2 hadi 0.5. Halafu mfuate dada mmoja anayejaza dumu lake, mwombe ruhusa, tembea naye hadi nyumbani, kaa, ongea naye, subiri. Baada ya muda pima maji ya dumu lile. Mara nyingi nimekuta hayana rangi kabisa. Inua dumu, litazame juani: lile dumu la njano la lita 20 lililokuwa la mafuta ya kula, na ndani kwenye pembe limeota utelezi wa kijani. Mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii, brashi haiingii. Klorini yote iliyotoka bombani imeliwa na ule utelezi.

Dumu lile ni la nani? Shirika la maji linasema kazi yetu inaishia bombani. Wahamasishaji wa usafi wanasema sisi tunafundisha kunawa mikono na kutumia vyoo. Walioligawa waligawa zamani, na orodha yao inaonyesha kaya imeshapata. Huu ndio mpaka ninaousema. Tulipouweka mezani haukuhitaji fedha nyingi. Aliye na klorini alitoa klorini, aliye na wahamasishaji alitoa wahamasishaji, na ikawekwa siku ya kuosha madumu pale pale kwenye kichoteo. Unatia changarawe kiganja kimoja, maji kidogo yenye klorini kali, unafunga, unatikisa kwa nguvu mpaka pembe zote zimekwanguka, unamwaga, unasuuza. Watoto walipenda kazi hiyo kuliko mchezo wowote. Yaliyopasuka yaliandikwa, na orodha ile ikaenda kwa wagawaji.

Kipindupindu kikitajwa, wa maji watapandisha klorini hadi miligramu 1 kwa lita bombani, na wanafanya vizuri. Lakini wahamasishaji wajulishwe siku moja kabla. Maji yatanuka, na asiyeelezwa sababu atasema yametiwa dawa mbaya, atarudi kijitoni. Tangazo liende kwa lugha ya watu. Kwa Warundi sisi tuna bahati, kijana yeyote Muha kutoka Kasulu au Kibondo anaelewana nao kwa Kiha chake, na ukimweka kwenye kipaza sauti watu wanamsikiliza kama mtu wa nyumbani. Kwa Wakongo, Kiswahili kinatosha kwa wengi, ila bibi wa Kibembe atamwamini zaidi anayemweleza kwa Kibembe.

Upande wa vyoo, mwanzoni mwa dharura choo kimoja kinaruhusiwa kwa watu 50, kisha mshuke hadi watu 20, na lengo la kambi iliyotulia ni kila kaya na choo chake. Kujenga ndiyo sehemu rahisi. Swali linalokosa mwenyewe ni kitakapojaa itakuwaje. Chukua makadirio ya lita 50 za uchafu kwa mtu kwa mwaka: shimo la watu 50 linataka mita za ujazo mbili na nusu kila mwaka, na hapo hujahesabu mvua wala mawe ya kujipangusia. Kwetu mvua huanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja na kuendelea hadi wa nne au wa tano. Udongo ukilowa, kuta za shimo lisilojengewa huporomoka. Kwa hiyo orodha ya mashimo yaliyokaribia kujaa iwe tayari mwezi wa sita, na slabu, nguzo na maturubai viwe vimefika kabla ya mwezi wa tisa kuisha. Nimeshuhudia fedha za vyoo zikiidhinishwa mwezi wa kumi na mbili, magari yanakwama kwenye tope, na watu wanajisaidia nyuma ya nyumba. Mratibu ndiye wa kupiga kelele mwezi wa tano, hata kama wafadhili wanaona jua linawaka.

Na kabla ya kuchimba popote, keti na wanawake wenyewe, bila wanaume na bila msafara wa maafisa. Watakwambia mlango unaotazama njia ya soko hawautumii mchana, na choo kisicho na komeo ndani hawakiendei usiku. Haya siyo madogo hata kidogo. Msichana anayekwepa choo usiku anaenda porini, na kinachoweza kumpata huko unakijua. Kwa hiyo watu wa ulinzi (wanaoshughulikia usalama na haki za wakimbizi) na watu wa upangaji wa makazi wawe kwenye kikao chako, siyo wa maji peke yao.

Jambo la posho ninalisema waziwazi kwa sababu wengi hulionea haya. Wahamasishaji, wasafisha vyoo na walinzi wa vichoteo ni wakimbizi wenyewe, na hulipwa posho. Shirika moja likilipa zaidi ya jingine kwa kazi ile ile, baada ya muda mfupi zoni nzima inabaki bila mhamasishaji. Viwango vya posho viwe vimoja kambi nzima, viandikwe, na mfadhili mpya aonyeshwe kabla hajaajiri. Vivyo hivyo siku za ugawaji: mkipanga mafunzo ya usafi siku ya mgao wa chakula, mtafundisha viti vitupu, na kina mama wataonekana hawajali wakati wako kwenye foleni ya unga.

Kikao chenyewe ukifanyie kambini. Nyarugusu iko mbali na Kasulu mjini, na ukikiweka kikao mjini umewafungia nje viongozi wa zoni na kamati za maji, ambao ni wakimbizi na hawatoki kambini bila kibali. Mtembee kwanza pamoja, mabosi wa mashirika wote, kwenye zoni moja, kisha mkae. Nimeona mabishano marefu ya baruapepe yakiisha kwa sababu wanaobishana walisimama pamoja mbele ya bomba lililokauka na mlinzi wa kichoteo akawaeleza. Kumbukumbu ziwe fupi: nani, atafanya nini, lini. Kikao kijacho kinaanza na hayo, kabla ya salamu za wageni.

Utakuja wakati mradi unaisha. Kuna shirika moja liliondoka na michoro ya mabomba ndani ya kompyuta za watumishi wake, na waliobaki walikuwa wakichimba kubahatisha valvu ziko wapi. Aliyewaokoa ni fundi bomba, mkimbizi, aliyekuwa akizifahamu zote kwa kichwa, akawa anaonyesha kwa mguu: chimba hapa. Fundi wa namna hiyo muweke kwenye kikao tangu siku ya kwanza, akiwa na daftari na kalamu, na michoro ibandikwe ofisini kwa Mkuu wa Kambi, siyo kwenye ofisi ya shirika.

Vijiji jirani navyo visingoje mwisho. Watu wa Makere, wanaopakana na Nyarugusu, wanaiona bomba ya kambi ikitiririka wakati wao wana chao cha kuhangaikia, na wameishi na wageni hawa kwa miaka mingi kwa uvumilivu mkubwa. Afisa afya wa wilaya na RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza mwaka 2019, wawe na viti vya kudumu kwenye kikao, na wakati wa kusanifu kisima kipya muulizane kama bomba linaweza kufika kijijini pia. Kambi zinafungwa. Mtendeli, wilayani Kakonko, ilifungwa mwaka 2021. Kisima kinabaki ardhini, na atakayekiendesha ni mwanakijiji. Kwa hiyo mtie mafunzoni sasa, pamoja na fundi mkimbizi, wakati pampu bado mpya na vipuri vipo, na kwenye maombi ya kibali cha maji yanayopelekwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ulizeni mapema kibali kitahamiaje kwa kijiji siku shirika likiondoka.